Shusha, Kata, Unga, Pandisha

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Mkaza mjomba, na wale kuku wake wanaolala juu ya redio zako. Huku sisi ni wazima, usingizi tu ndio umetuhama. Njiti ana meno kumi na anayatumia yote. Ameanza kutembea, ila anatembea kinyumenyume kama gari linaloegeshwa. Kifua chake bado ni kile kile cha mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Wiki iliyopita kilimbana mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu anapokea Mkaza mjomba, ananiambia umetoka. Hata saa ya kula umetoka. Sijui siku hizi unakula wapi.

Unajua nimepata kazi kwa dobi. Ndani kuna mashine sita za kufulia zinazotikisa ukuta mpaka kalenda inacheza. Meza yangu ya pasi iko katikati. Mbele kuna dirisha la wateja, linatazama barabara. Nyuma, ng'ambo ya ua, ndiko kiliko chumba chetu mimi na Njiti. Bosi ni mwanamke mpana mwenye sauti nyembamba, tunamwita Mama Pasi na mwenyewe anajua. Kupokea wateja nako ni kazi yangu. Alinichukua kwa sharti moja, nalo alinitamkia mbele ya wenzangu wote: "Mwisho wa Mei nitaangalia. Mteja akizoea kugonga bila kujibiwa, mtoto aende kwa bibi yake. Sikufukuzi wewe, nasema mtoto."

Mama mkwe ameshasema atakuja tarehe 31 Mei kumchukua, kana kwamba Mama Pasi amekwisha kuamua. Kwake ni siku mbili kwa basi. Njiti akibanwa kule, mpaka wapate usafiri wa kumfikisha kwa daktari, sitaki hata kuandika.

Kwa hiyo nimetengeneza kisanduku. Ile kozi ya miezi mitatu niliyosoma kabla sijapata mimba haikupotea bure. Ndani yake kuna bodi ya kompyuta, ndogo kama kidole changu cha kati. Maiki moja iko juu ya kitanda cha Njiti, ya pili dirishani, na mimi nimevaa spika moja sikioni, isiyo na waya. Ni sikio moja tu, maana la pili Mama Pasi analitaka wazi kwa kengele za mashine. Mteja akigonga, kitaa kinawaka mezani, nabonyeza kitufe, namsikia anachotaka na kumjibu kupitia spika ya dirishani. Nikibonyeza tena, namsikia Njiti anavyohema.

Tatizo ni huko kuhama. Nimeandika programu mbili, ya mtoto na ya mteja, na ili kutoka moja kwenda nyingine kisanduku kinazimika na kuwaka upya. Sekunde nane. Kwa sekunde nane simsikii mteja wala simsikii mtoto.

Wewe umeshinda ndani ya redio miaka arobaini. Hebu niambie, njia ya sauti inaweza kubadilishwa chombo kikiwa kinafanya kazi, bila kukizima?

Mpwa wako,
Mama Njiti

19 Februari

Mama Njiti, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nilikuwa nimesimama. Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua lakini ulimi hauna shida. Kuku mmoja ametaga ndani ya redio ya mwalimu, na mwalimu ameikubali hivyo hivyo. Duka nimelifunga kwa muda, napumzika. Simu ni vitu vya kukatishana maneno. Barua mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa uniambie jambo moja, maana limeninyima raha. Unasema ndani ya hiyo bodi sauti inatoka maiki na kwenda sikioni, lakini waya humo hamna. Inapitaje? Mimi nikitaka sauti ihame naweka swichi, waya huu unaachana na ule, nauona kwa macho. Nimechoma vidole kwa risasi ya kulehemu maisha yangu yote, halafu mtoto wa dada yangu ananiambia waya ni maneno ya kuandika. Niandikie hayo maneno. Nataka kuyaona.

Ushauri wangu, uuchukue kama wa mtu anayeangalia mpira kwa mbali. Usikae na njia mbili zilizoungwa tangu asubuhi. Unapobonyeza kitufe, unga hapo hapo. Waya uzaliwe pale unapohitajika. Kwenye redio ndivyo tulivyofanya, na ukishaunga umeunga, hauendi popote.

Baba Njiti anasemaje kuhusu hili la tarehe 31? Hukumtaja.

Mjomba wako

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya goti umfikishie mwenyewe. Njiti sasa anasema neno moja, "basi", na analisema kabla chakula hakijafika. Mama Pasi amenunua mashine ya saba, ukuta umeanza kuingia nyufa.

Umeniuliza sauti inapitaje. Hata mimi nilikuwa naandika tu bila kujiuliza, sasa umenitia kiherehere. Ni hivi: sauti inakatwa vipande vidogo sana, na bodi inavibeba kutoka chumba kimoja cha kumbukumbu hadi kingine, haraka kuliko sikio linavyoweza kugundua. Waya ni sentensi inayosema, "Vya chumba hiki vipelekwe chumba kile." Sentensi ikiwepo, vinabebwa. Ikifutwa, mbebaji anaketi. Naipenda sana hiyo, kwamba mle ndani kuna mtu anatembea na ndoo ya sauti bila kumwaga.

Nilifuata ushauri wako. Niliandika fungu la amri la kitufe, na humo ndani nikaunga waya: maiki ya Njiti mpaka sikioni. Nikabonyeza. Nikasikia pumzi yake kadiri ya kupepesa kope mara moja, halafu kimya. Nikabonyeza tena, kipande kingine cha pumzi, kimya. Siku nne, Mjomba. Nilifungua maiki, nikabadilisha betri, nikamshuku Njiti kwamba ametafuna kebo. Mwishowe nikasoma tena daftari la kozi, huku namnyonyesha, ukurasa nimeushika kwa kiwiko.

Kumbe kitu kilichozaliwa ndani ya fungu la amri kinakufa fungu likimalizika. Waya wangu ulizaliwa kwenye kitufe, na kitufe kilipomaliza kazi yake ukazikwa nao. Wako wewe ukishaungwa hauendi popote kwa sababu ni shaba. Wangu unaishi pale tu ulipoandikwa. Kwa hiyo nimeuandika nje, juu kabisa ya programu, ambako vitu havifi mpaka umeme ukatike, na kitufe sasa kazi yake ni kuukata na kuuunga. Na nimejifunza kitu kingine. Mlango mmoja wa kuingilia haukubali waya mbili. Lazima ule wa zamani ukatwe kwanza, la sivyo mpya unakataliwa kimya kimya, bila hata kuambiwa.

Kwa hiyo sekunde nane zimekwisha. Njia inahama mara moja, chombo kikiwa hai. Lakini kila ikihama inanipiga "pah" ndani ya sikio, juzi nimeng'oa spika na kuitupa kwenye maji ya wanga. Nikakaa bila spika kutwa nzima ikikauka, na wateja wawili wakagonga wakaenda zao. Mama Pasi amewaandika kwenye kalenda.

Nimekuwekea hilo "pah" kwenye kadi ya kumbukumbu, imo ndani ya bahasha. Isikilize kwenye ile mashine yako uniambie ni nini. Wewe ulikuwa unafunga macho na kusema, "Hii ni spika ya kulia, karatasi imechanika chini." Nifanyie hivyo.

Mpwa wako,
Mama Njiti

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, mvua ilikuwa nyingi na Mkaza mjomba alitaka paa la kuku lizibwe kabla ya la watu. Mwambie Njiti neno lake ni zuri, viongozi wengi hawalijui.

Hiyo habari ya mbeba ndoo nimemsimulia kila aliyepita hapa. Na waya kufa na kitufe chake, kosa ni langu, nilikupa ushauri wa shaba.

Kadi nimeisikiliza kwa utulivu, macho nimefunga kama unavyojua. Hicho ni kishindo kizito, cha chini, kina mkia mfupi. Nilivyokisikia mimi ni umeme unaruka kwenye spika. Weka kapasita kubwa kidogo mbele ya spika, kitakufa. Nimekisikia mara tatu kwenye kadi, na cha pili ndicho kikali zaidi.

Bado hujaniambia Baba Njiti anasemaje.

Mjomba wako

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima.

Kadi ilikuwa tupu. Niligundua siku tatu baada ya kukutumia. Nilikuwa nimekata njia ya kwenda kwenye kurekodi ili nipate mlango wa jambo lingine, nikasahau kuirudisha, kisanduku kikarekodi dakika mbili za kitu hakuna. Nilitaka kukuandikia upesi nikuombe radhi, halafu barua yako ikafika, na vishindo vyako vitatu.

Nimekaa nayo siku kadhaa. Nilikasirika kwanza, nisikufiche. Nimepiga pasi mashuka ya hoteli huku nikibishana na wewe kwa sauti, mpaka mwenzangu wa mashine ya tatu akaniuliza nagombana na nani. Kisha nikaanza kuunganisha. Duka limefungwa kwa muda. Simu inakatisha maneno. Umetoka, umetoka.

Ni tangu lini husikii?

Sitaki uniandikie habari za kuku. Mimi ndiye niliyekuwa nalala chini ya benchi lako mama yangu alipougua, ukaniimbia huku unalehemu. Sikudai maelezo, lakini ukinipa ushauri wa kusikia na wewe husikii, anayebaki katikati ni Njiti.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, huu hapa wa kwangu. Baba Njiti aliandika tangu Januari, kutoka huko mbali anakofanya kazi. Amekubaliana na mama yake. Anasema mtoto si wa kulelewa na mashine. Ndiyo maana sikumtaja.

Mpwa wako

2 Mei

Mama Njiti, mwanangu,

Barua hii nimeianza mara sita. Mkaza mjomba ndiye amenikalisha kitini leo, amesimama mlangoni na goti lake, anasema haondoki mpaka nilambe gamu ya bahasha.

Sikio la kulia lilizima mwaka juzi. La kushoto linashuka taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi na taa mkononi. Sikumwambia yeyote nje ya nyumba hii. Wateja walipoleta redio nilikuwa naweka kidole kwenye karatasi ya spika, nasikia kwa ngozi. Nilitengeneza redio miezi minane kwa kidole, na wengine walisema zinalia vizuri kuliko zamani. Halafu mwalimu aliniletea ile yake, nikamrudishia, akaiwasha mbele yangu, nikaona uso wake. Nikafunga duka siku hiyo. Kadi yako niliiweka kwenye mashine nikagusa spika. Haikutikisika. Nikadhani na kidole nacho kimekufa. Niliogopa, ndipo nikaandika uongo. Nisamehe.

Wewe na Baba Njiti mtaongea ninyi, mimi simo. Ila mtu anayehesabu pumzi za mwanawe kwa sikio moja huku anapiga pasi, huyo sijui wanataka alee kwa kitu gani kingine.

Sasa tuzungumze kazi, na leo nakupa ushauri wa mtu asiyesikia, ambaye ana mchoro mbele yake. Achana na kapasita. Nimekichora kile kishindo kwenye karatasi kufuatana na maelezo yako ya mbeba ndoo. Sauti inapanda na kushuka kama kilima. Wewe unakata njia ukiwa katikati ya kilima, na njia mpya inaanzia bondeni. Huo mruko ndio unaokupiga. Kwenye redio za zamani, fundi mwenye adabu hakuhamisha swichi kabla hajapunguza sauti. Kwa hiyo kitufe chako kifanye mambo manne kwa mpangilio: shusha, kata, unga, pandisha. Shusha polepole, kadiri ya kupepesa jicho, mpaka sifuri. Kata pakiwa kimya. Unga. Pandisha.

Jambo la pili linatoka kwenye sikio langu. Kilichonitesha zaidi ya kutosikia ni kutojua kwamba kuna kitu sikisikii. Mtu akiwa nyuma yangu, kwangu hayupo. Usimfanyie hivyo mwanao. Uliniambia mlango mmoja haukubali waya mbili, lakini nasikia (nasoma, tuseme) kuna miksa, kichanganya sauti chenye milango mingi. Basi ile njia kuu ihame upendavyo, lakini pembeni yake mpe Njiti njia nyembamba, ya sauti ndogo, inayoingia miksa moja kwa moja. Hiyo usiikate, hata mteja awe waziri.

Niandikie ikifanya kazi, na uandike inavyolia. Maneno yako nayasikia vizuri.

Mjomba wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo sana. Nimefurahi kwa barua, nimelia kidogo, kisha nikaenda kuanua mashuka. Umekwenda kwa daktari wa masikio? Mkaza mjomba akupeleke. Si ombi.

Imekubali. Nilipoandika kitufe upya sikuamini, nikakibonyeza kama mara thelathini. Unataka ujue inavyolia: kwanza kuna dirisha, magari, mtu anasafisha koo. Kisha barabara inazama, kama unaingiza kichwa majini, na chini kabisa ya maji kuna pumzi ya Njiti, inapanda juu yenyewe hadi inajaa. Hakuna "pah". Wala hujui ni wapi ilipohama. Nilibaki nimeshika kitufe, shati la mtu limeungua kola.

Njia nyembamba nimempa Njiti, na mteja nikampa ya kwake pia. Kwa hiyo nikiwa kwa mmoja, mwenzake yupo chini, kama majirani wanaoongea nyuma ya ukuta.

Sasa yaliyotokea jana. Saa nne asubuhi alikuja bwana mmoja wa suti, shuka lake moja halionekani. Nikamhamishia njia kuu. Anaeleza rangi ya shuka, anaeleza alilinunua wapi, anaeleza mke wake alivyosema. Chini ya maneno yake nikasikia pumzi ya Njiti imebadilika. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na filimbi mwishoni, na nafasi kati ya moja na nyingine ilikuwa fupi. Nikabonyeza. Yule bwana akazama akiwa kwenye habari za mke wake, Njiti akapanda, nikakimbia.

Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nikampa pampu yake ya dawa ya kifua kwa ile barakoa ndogo, nikamkalisha mapajani, nikahesabu naye. Huku nahesabu namsikia yule bwana, mbali kwenye njia yake nyembamba, anagonga kioo. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu na ya nne alitumia ufunguo. Sikuinuka. Njiti alipata rangi yake baada ya muda ambao sikuupima, akaniangalia akasema, "Basi."

Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mteja amegonga mara nne," akasema.

"Najua. Nimemsikia zote nne."

"Ulimsikia kutoka huku?"

"Mbili za mwisho ni kwa ufunguo."

Akamwangalia Njiti, akaiangalia spika sikioni kwangu. "Kwa hiyo hukushindwa kusikia. Uliamua."

"Niliamua. Na kesho ikitokea nitaamua hivyo hivyo, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Kama ni kuandika kwenye kalenda, andika."

Akasema, "Wewe una kiburi cha pasi ya moto," akaondoka kwenda kwa yule bwana. Shuka lilionekana, lilikuwa ndani ya foronya yake mwenyewe.

Jioni akaja mezani kwangu akakigeuza kisanduku juu chini kama anayenunua nanasi. Akauliza hili tundu la pili la kutolea sauti ni la nini. Nikamwambia halina kazi, ni la sikio la pili. Akasema, "Ukikimbilia mtoto, mteja aje kwangu. Niwekee na mimi hicho kidude. Ila kisinipige kelele, mimi nina presha."

Kwa hiyo naandika hayo sasa. Kitufe kikibonyezwa na mimi nikiondoka, njia ya mteja itaacha sikio langu na kuingia sikio lake. Hatua ni zile zile nne. Sijawahi kufikiri kwamba mwisho wa njia nao unaweza kuhama. Nilikuwa nabadilisha inakotoka tu.

Mpwa wako,
Mama Njiti

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba ameniambia kwa simu; nashukuru kwamba daktari amekuona, na kwamba umemjibu vibaya, maana yake una nguvu.

Mama mkwe alifika tarehe 31 kama alivyosema, na mfuko mkubwa wa mistari, mtupu. Nilimpokea, nikamwandikia Baba Njiti siku hiyo hiyo kwamba mama yake amefika salama, na kwamba mtoto haendi. Nimeandika hivyo hivyo, bila kupamba, nikamwambia akitaka kumlea aje hapa alipo.

Mama mkwe hakunisemesha siku ya kwanza. Alikaa kwenye kiti cha ua akituangalia. Ya pili, Njiti alikohoa tu, kikohozi cha kupaliwa na uji. Mimi nikaacha pasi, Mama Pasi kule mbele akaacha daftari akashika sikio na kuanza kumjibu mteja ambaye mimi hata sikumwona, na Njiti akafikiwa kabla bibi yake hajainuka kwenye kiti. Bibi akauliza, "Nani aliwaita?" Nikamwonyesha maiki. Akaitazama muda mrefu. Akasema kule kwake kuna ukuta mnene, mtoto hasikiki chumba cha pili.

Ya tatu nilimwambia, "Mama, nakuheshimu, na chumba hiki ni chako kila ukija. Lakini mtoto anabaki pale ninapomsikia." Aliingia ndani, nikasikia kwa maiki anafungua sanduku la nguo za Njiti, anakunjua, anakunja. Nikaacha pasi ikanyoosha kitu kimoja mara mbili.

Jana asubuhi nilimsindikiza kituoni. Mfuko aliondoka nao umejaa. Zilikuwa zile nguo ambazo hazimtoshi Njiti tena.

Mpwa wako,
Mama Njiti